Mwanafunzi Anayelipwa Ili Atumike: Ukaazi wa Utumishi ni Nini?



Katika ziara yetu ya mwisho kwenye sharika za pembezoni, wazee wa usharika mmoja walituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Walisema: "Yule kijana aliyekaa kwenye zahanati yetu akipekua rejesta za wagonjwa, alikuwa mwanafunzi au mtumishi? Kama ni mwanafunzi, mbona tulisikia analipwa? Na kama ni mtumishi, mbona alituambia anasoma?" Siku ile tulijibu kwa kifupi kwamba alikuwa vyote viwili, kisha tukaendelea na ajenda ya kisima. Tulipokuwa garini tukirudi tulikubaliana kwamba lile halikuwa jibu. Makala hii ni jibu refu kwa wazee wale, na kwa wengine ambao huenda wana swali hilohilo ila hawakuuliza.

Tumezoea aina mbili za vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu. Wa kwanza ni mwanafunzi wa chuo anayekuja "fildi" kwa wiki chache, anajaza daftari lake, anasainiwa, anaondoka. Wa pili ni mtarajali, hasa daktari aliyemaliza shahada ya kwanza, ambaye hukaa hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupewa usajili kamili. Huyu wa zahanati si mmoja wa hao. Ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye sehemu ndogo tu ya masomo yake iko darasani. Muda mwingi yuko kazini, katika ofisi ya umma, akifanya kazi ambayo ofisi hiyo inaihitaji kweli, na kazi hiyohiyo ndiyo inayompatia shahada. Kwa muda huo wote hulipwa posho ya kujikimu au mshahara.

Kwa Kiswahili tutaita mpango huu ukaazi wa utumishi, na mwanafunzi huyo tutamwita mkaazi. Tafadhali usichanganye na kibali cha ukaazi cha Idara ya Uhamiaji! Neno lenyewe limetoka hospitalini. Zamani daktari aliyekuwa akijifunza ubingwa aliishi ndani ya hospitali, usiku na mchana, ndiyo maana akaitwa mkaazi. Hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889, ndiyo iliyoueneza sana utaratibu huo. Kwetu pia madaktari wanaosomea ubingwa katika hospitali kubwa huitwa "rezidenti". Tofauti ni kwamba kule Marekani rezidenti hupokea mshahara, wakati hapa kwetu mara nyingi ada hudaiwa kwake, au kwa mwajiri wake au mfadhili, hata kama usiku uliopita yeye ndiye aliyekuwa zamu wodini. Hilo ni jambo la makala nyingine.

KIATU CHENYE TUNDU

Mfano ambao sisi tumeuona kwa macho, na ndio uliomleta kijana yule kwetu, ni mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa. Historia yake inaanzia Marekani mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea. Serikali ya huko iliogopa kushambuliwa kwa silaha za vijidudu, na haikuwa na watu wa kutosha wa kutambua mlipuko unapoanza. Daktari Alexander Langmuir alitumia hofu hiyo kuanzisha kikosi cha vijana wasomi, wengi wao madaktari, waliotumikia miaka miwili kwa mshahara wa serikali huku wakijifunza. Nembo yao ilikuwa soli ya kiatu iliyotoboka, maana kazi yao ni ya kutembea nyumba kwa nyumba, si ya kukaa mezani.

Mwaka 1955 kikosi hicho kilipata mtihani wake mkubwa. Chanjo mpya ya polio ilikuwa imeanza kutolewa, na mara watoto kadhaa waliochanjwa wakapooza. Wangeweza kusimamisha chanjo yote na kuiua kabisa. Vijana wale walifuatilia kila mtoto: alichanjwa lini, mkono gani, chanjo ya kiwanda kipi, kiungo gani kilianza kupooza. Ikadhihirika kwamba tatizo lilikuwa kwenye chanjo ya mtengenezaji mmoja hasa, ambayo virusi vyake havikuuawa sawasawa. Chanjo ile ikaondolewa, nyingine zikaendelea, na mamilioni ya watoto wakanusurika kupooza. Kwa hiyo mshahara wa vijana wale ulirudi mara nyingi.

Nchi nyingine ziliiga. Thailand ilianza mwaka 1980. Katika miaka ya 1990 Zimbabwe, Uganda na Ghana zilianzisha shule za afya ya jamii "zisizo na kuta", ambamo mwanafunzi wa uzamili alipelekwa wilayani muda mwingi kuliko chuoni. Uganda ilianza mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kenya ilianza mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani mwaka 2004. Mwaka 2005 ukaundwa mtandao wa Afrika wa mafunzo haya, makao yake yakiwa Kampala. Na mwaka 2008 Tanzania nayo ikaanza, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Utaratibu wake ni wa miaka miwili. Kwa kawaida robo ya muda ni darasani na robo tatu ni uwandani. Mkaazi huwa chini ya msimamizi wa kituo alichopangiwa na msimamizi wa chuo. Anatakiwa achunguze mlipuko halisi, apime kama mfumo wa kutoa taarifa za magonjwa unafanya kazi, achambue takwimu zilizolala kwenye makabati, aandike ripoti kwa mamlaka husika, na asimame mbele ya wataalamu kutetea alichokiandika. Wapo madaktari, wapo wataalamu wa maabara, wapo pia wa mifugo, kwa sababu magonjwa mengi hutoka kwa wanyama. Wengi wao si vijana waliotoka shule jana: ni watumishi walioruhusiwa na waajiri wao kwenda masomoni, wenye familia na watoto wanaosoma.

Ni kazi gani hasa? Chukua Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba Vijijini ulikuwa Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ambao haukuwahi kuthibitishwa nchini kabla ya hapo. Tangu mtu aambukizwe hadi aonyeshe dalili huweza kupita siku 2 hadi 21. Maana yake, kila aliyemgusa mgonjwa, aliyemwosha marehemu, au aliyelala naye chumba kimoja, lazima atafutwe, aandikwe jina, na atembelewe kila siku kwa siku 21. Watu wa namna hiyo hawaonekani kwenye kompyuta. Lazima kuwe na mtu wa kukaa na mama aliyefiwa, amuulize kwa upole nani alikuwepo msibani, na siku ya pili arudi tena kwa sababu jana alisahau jina la shemeji aliyetoka kisiwani. Walipata ugonjwa watu 9, na 6 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Sisi tulio na ndugu Kagera tunajua mwisho ungeweza kuwa mwingine.

Wakati mwingine hakuna hata kijidudu. Mwaka 2016 watu wa vijiji kadhaa vya Dodoma na Manyara waliugua, wakawa na macho ya njano na matumbo kujaa, na takribani 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa vibaya. Mtaalamu anayesubiri damu maabara peke yake asingefika huko upesi. Ilibidi mtu aende kufungua ghala.

TAIFODI YETU

Sasa turudi kwa mkaazi wa zahanati, maana hapa ndipo habari inapotugusa sisi wenyewe, na tumeamua kuisema wazi ingawa si nzuri kwetu.

Dayosisi yetu imekuwa na mradi wa maji kwa miaka mingi. Katika maandiko ya mradi tuliyowapelekea wafadhili, sababu kubwa tuliyoitoa ilikuwa homa ya matumbo, yaani taifodi. Takwimu tulizitoa kwenye zahanati, na zilikuwa za kutisha: ukifungua rejesta, karibu kila mwenye homa ambaye hakuwa na malaria alikuwa na taifodi, na wengine walikuwa navyo vyote viwili. Hatukubuni chochote. Tulinakili kilichoandikwa.

Mkaazi alikaa na rejesta zile kwa wiki sita. Hakuja kwa ajili ya mradi wetu. Alikuwa na kazi yake ya kupima ubora wa taarifa za magonjwa katika wilaya. Siku moja alituomba tukae naye. Alitueleza kwamba taifodi yetu yote ilikuwa imepimwa kwa kipimo kinachoitwa Widal. Kipimo hiki hakitafuti kijidudu chenyewe, bali hutafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza. Mtu aliyewahi kuugua miaka ya nyuma, au mwenye homa nyingine, hata malaria, anaweza kuonekana ana taifodi wakati hana. Ili kuthibitisha, damu inapaswa kuoteshwa maabara, jambo ambalo zahanati haiwezi. Kisha akatuonyesha jambo la pili ambalo lilituuma zaidi: namba za taifodi hazikushuka katika vijiji tulivyokwisha kuchimba visima. Pia hazikupanda katika vile visivyo na visima. Zilipanda na kushuka kadiri vitendanishi vya kipimo vilivyokuwepo au kuisha.

Tulikaa kimya. Mmoja wetu alisema, nusu kwa utani, kwamba ingekuwa afadhali asingekuja. Visima bado ni vya lazima, na hilo hakulipinga. Kuhara kwa watoto wadogo kulikuwa kwenye rejesta zilezile, kukifuata mvua, na hatukuwa tumekuchambua kabisa kwa sababu taifodi ilikuwa inavutia macho. Lakini sababu tuliyoiandika kwa miaka mingi haikuwa na msingi tuliodhani. Na kibaya zaidi, watu wa sharika zetu walikuwa wakinunua dawa za kuua vijidudu kwa ugonjwa ambao wengi wao hawakuwa nao. Tuliandika upya ripoti ya mwaka ule, tukawaeleza wafadhili. Mmoja alituuliza maswali magumu, lakini hakuna aliyejitoa.

Basi, kuna jambo la tatu, ambalo tulilijua baadaye. Katika wiki zile sita posho ya mkaazi ilikuwa imechelewa. Alikuwa amepanga chumba sokoni, akaishiwa. Mwinjilisti alimchukua akae kwake, na jikoni ya zahanati ikamlisha. Tuliona ni ukarimu, na kweli ulikuwa ukarimu. Lakini jioni moja alituambia kitu ambacho hatujakisahau. Alisema kwamba alikuwa na matokeo yale mkononi kwa siku kumi kabla ya kutuambia, kwa sababu aliona aibu kula ugali wetu mchana na kutuambia jioni kwamba takwimu zetu si sahihi.

Siku kumi si nyingi kwa taifodi isiyokuwepo. Ingekuwa kipindupindu je? Kile kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilisambaa karibu nchi nzima na kuleta wagonjwa zaidi ya 20,000 kabla ya mwisho wa mwaka 2016. Katika ugonjwa wa namna hiyo siku kumi ni nyingi mno.

KWA NINI ALIPWE?

Wengi husema: mwanafunzi anasomeshwa, tena kwa fedha za umma au za wafadhili, kumlipa tena ni kumdekeza. Ajitolee, kama sisi tulivyojitolea. Mawazo haya si mageni nchini mwetu, na yana historia ambayo vijana wengi hawaijui.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa wanapinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa uliowataka wahitimu kutumikia miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki katika kazi zao, kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu wanafunzi 400 warudi kwao. Lakini hakuishia hapo. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya viongozi wakubwa ikafuata. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye likaja Azimio la Arusha. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa mwaka uliofuata.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kama ya wasomi wenye choyo waliokomeshwa. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Ni kweli kwamba mkulima wa pamba aliyekuwa analipia elimu ile alikuwa na haki ya kudai kitu. Ni kweli vilevile kwamba kijana wa kwanza kusoma katika ukoo mzima hakuwa na mshahara wake peke yake. Ulikuwa wa wadogo zake na wa wazazi waliouza ng'ombe. Ukimkata, umewakata hao. Na Mwalimu mwenyewe, kwa kujikata yeye kwanza, alikiri kwamba swali la nani anabeba mzigo halikuwa la kipuuzi.

Swali hilo halijaisha. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kuanzia tarehe 14 Machi hadi 8 Mei, siku 56, na mojawapo ya mambo makubwa yaliyogombewa lilikuwa malipo ya madaktari watarajali. Makubaliano ya mwaka 2017 yalitaja zaidi ya shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi. Serikali ikasema ingeweza kutoa 70,000. Hata mgomo ulipokwisha, suala hilo liliendelea hadi Desemba 2024 ndipo serikali ikakubali kurudi kwenye kiwango cha zamani. Wagonjwa ndio walioumia katikati. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu, bali kuonyesha kwamba malipo ya anayejifunza kazini yasipopangwa mapema, kwa maandishi na kwa fedha iliyopo kweli, hulipwa baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

Kwetu, uzoefu mdogo ulitufundisha jambo lingine. Miaka michache kabla ya mkaazi wa taifodi, tulitangaza nafasi za wanafunzi wa uzamili kufanya utafiti wao katika miradi yetu, bila malipo. Waliokuja walikuwa wazuri, lakini wote walikuwa na jamaa mjini wa kuwapa mahali pa kulala. Hakuna hata mmoja aliyetoka katika vijiji tunavyovihudumia. Tulikuwa tumeweka kiingilio mlangoni bila kujua. Binti wa mkulima aliyefika shahada ya uzamili kwa mkopo na kwa jasho hawezi kutoa miezi sita bure, hata kama moyo wake unataka kutumika kuliko wote.

NANI ALIPE?

Ziko njia mbalimbali, na kila moja ina shida yake. Taasisi moja ya maendeleo ya London, iliyoitwa wakati huo Overseas Development Institute, ilianza mwaka 1963 kuwapeleka vijana wachumi wenye shahada ya uzamili katika wizara za nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika. Serikali mwenyeji ilimlipa kijana huyo kiasi ambacho ingemlipa mwenyeji wa cheo hicho, na taasisi ikamwongezea. Kwa njia hiyo wizara ilimwona kuwa mtumishi wake, si mgeni wa mfadhili. Shida ni rahisi kuikisia: kwenye meza moja wanakaa wawili wenye kazi moja na bahasha mbili zisizolingana.

Marekani nayo, kuanzia mwaka 1977 chini ya Rais Carter, ilikuwa na mpango wa kuwachukua wahitimu wa shahada za juu, si wa afya tu bali wa fani zote, na kuwaweka miaka miwili katika wizara zake kwa mshahara kamili. Kila mwaka walipaswa kupata angalau saa 80 za mafunzo, na walihamishiwa kwa miezi kadhaa katika ofisi nyingine ili waone serikali kwa upande wa pili. Wengi walibaki na wakapanda vyeo. Mpango huo ulianzishwa kwa amri ya rais, na mwezi Februari 2025 ukafutwa kwa amri ya rais mwingine, baada ya miaka 47.

Na hapa kwetu? Mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa katika Afrika, kwa sehemu kubwa, yametegemea fedha za Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Marburg imerudi Kagera, safari hii Biharamulo. Siku hiyohiyo huko Washington ilisainiwa amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Hatusemi jambo moja lilihusiana na lingine, zilikutana tu. Lakini waliokuwa wanatafuta waliogusana na wagonjwa kule Biharamulo walikuwa wanafanya hivyo katika wiki ambazo ofisi nyingi za miradi ya afya zilikuwa hazijui kama zitafunguliwa kesho. Waliougua walikuwa 10, na wote 10 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025.

Tunalosema ni kwamba kazi ambayo haiwezi kukosekana haipaswi kutegemea saini ya mtu mmoja aliye mbali. Mishahara ya wakaazi walio watumishi wa serikali hulipwa na serikali, na hiyo ni nguzo nzuri. Lakini mafuta ya gari, vocha, posho ya usiku na ada ndivyo vinavyomfanya mtu afike kijijini, na hivyo ndivyo hukatika kwanza.

TUNACHOKUSUDIA KUFANYA

Dayosisi haiwezi kuchukua kazi ya Wizara, na haijaombwa kufanya hivyo. Lakini Halmashauri Kuu imeridhia tujaribu jambo dogo kuanzia mwaka ujao: nafasi mbili za ukaazi kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili, moja katika afya ya jamii na moja katika maji, kwa miezi sita kila moja. Kipaumbele kitakuwa kwa waliokulia katika maeneo ya majimbo yetu, wake kwa waume, wawe Walutheri au la.

Masharti tumeyaandika tukiikumbuka ile jioni ya ugali. Posho italipwa na ofisi ya dayosisi tarehe moja kila mwezi, moja kwa moja kwa mkaazi, wala haitapitia kituo anachofanyia kazi. Fedha ya miezi yote sita itatengwa kabla hajaripoti, isipokuwepo, hatutamwita. Ripoti yake itafika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, au kwa mhandisi wa maji wa wilaya, siku ileile itakayofika kwetu, nasi hatutakuwa na ruhusa ya kuirekebisha. Kifungu hiki cha mwisho kilijadiliwa kwa muda mrefu, na baadhi ya wajumbe hawakukipenda. Msimamizi wake atakuwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, maana tumeona wanafunzi wanaosimamiwa na "ofisi" hawasimamiwi na yeyote.

Sharika zinaweza kusaidia. Tunatafuta mahali pa kulala katika sharika zilizo karibu na zahanati au mradi wa maji: chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kwa kufuli, taa hata kama ni ya sola, na choo. Itafaa zaidi kama mtandao wa simu unapatikana bila kupanda mlimani. Usharika wenye nafasi uandike kupitia kwa Mkuu wa Jimbo, barua zifike ofisini kabla ya mwisho wa robo hii, na zitaje umbali wa kutembea hadi kituo.

Kuhusu chakula, tafadhali msiahidi chochote katika barua zenu. Atajinunulia mwenyewe.